Waya wa Tatu

Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua watu wa benki na marehemu mkewe tu. Wengine wote walimwita Mzee Fyuzi, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Ukimgusa kidogo analipuka, nyumba nzima inanyamaza, halafu baada ya robo saa anarudi anacheka kana kwamba hapakuwa na neno. Alifanya kazi ya ufundi umeme miaka arobaini, na alipostaafu alibaki na vitu viwili vya kujivunia: binti mmoja, na nyumba ya vyumba sita aliyoijenga mwenyewe, akaifunga umeme mwenyewe, akaipangisha mwenyewe. Ya binti tutayafikia. Kwanza nyumba.

"Miaka thelathini na miwili!" aliwaambia wapangaji, watake wasitake. "Hakuna fundi mwingine aliyetia bisibisi humu. Na haijawahi kuleta shida hata siku moja."

Tumpe haki yake, alikuwa fundi kweli. Siku zile taa ilifungwa kwa nyaya mbili: mmoja unaleta umeme, mwingine unaurudisha. Waya wa tatu, ule wa kijani wenye mstari wa njano unaoshuka mpaka kwenye chuma kilichochomekwa ardhini, uliwekwa kwenye soketi za ukutani tu. Holda za taa zilikuwa za plastiki, na plastiki haipitishi umeme, sasa waya wa tatu wa nini? Ndivyo mafundi wote walivyofanya, na watu wakaishi. Ila hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza itakuwaje siku mpangaji akija na taa yake ya chuma.

Mpangaji huyo alikuja. Alikuwa mshonaji, mama mwenye mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, na alipanga chumba namba nne, kile chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Alishona sare za shule na suruali za kazi, na nguo nyeusi ndiyo ilikuwa adui yake: uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, ndani ya chumba chenye giza mchana kweupe. Akaenda kwenye mitumba akapata taa ya chuma yenye kofia pana na mnyororo mrefu. Akaining'iniza chini kabisa juu ya cherehani lake la kukanyaga. Macho yakapona, lakini mikono ikaanza kulalamika.

"Mzee, taa yangu inang'ata," alimwambia Mzee Fyuzi mara ya kwanza.

"Inang'ata? Ina meno?"

"Nikiigusa huku mkono mwingine uko kwenye cherehani, nasikia kitu kinapita mpaka kwenye kiwiko."

Mzee Fyuzi akaja. Sasa sikiliza namna alivyopima, maana hapo ndipo kosa lilipokuwa limejificha. Kwanza, hakutumia testa. Testa, alisema, ni mwanasesere wa wanafunzi. Fundi wa kweli anapima kwa mgongo wa mkono: ananyoosha vidole, anagusisha mgongo wa mkono kwenye chuma, kwa sababu umeme ukikamata misuli, mkono unajikunja kuelekea kwake, unaachana na chuma. Ukigusa kwa kiganja, unakishika na hukiachii tena mpaka wakukute. Hilo ni kweli, na limeokoa mafundi wengi. Lakini Mzee Fyuzi alikuwa na viatu vya kazi vyenye soli ya mpira nene kama tofali, na viatu hivyo hakuvivua popote. Alikwenda navyo kanisani, alikwenda navyo hospitali, alimzika mkewe navyo. Wengine wote walivua viatu mlangoni. Yeye alisamehewa kwa kuwa ni fundi, na fundi huwa anaingia na kutoka.

Basi akasimama juu ya mpira wake, akagusa taa kwa mgongo wa mkono. Kimya. Umeme utapita wapi, na njia ya kwenda chini umeiziba mwenyewe?

"Unaona?" akasema. "Imekaa kama sanamu. Mama, wewe una mawazo."

Mshonaji alikuwa akishona peku. Alisema bila kuisikia pedeli kwenye unyayo, mshono unakwenda kombo. Miguu yake mitupu, sakafu ya saruji, cherehani la chuma. Alimwita mara ya pili, mzee akaja, akagusa, akasema cherehani ndilo linalomtekenya. Alimwita mara ya tatu, na safari hii Mzee Fyuzi alilipuka.

"Miaka thelathini na miwili! Wewe una miaka miwili humu, unataka kunifundisha nyumba yangu?"

Mshonaji akanyamaza. Mpangaji mwenye mtoto huwa anajua pa kunyamaza.

Haya, tumefika kwa binti. Huyu alilelewa kwenye vumbi la dari. Akiwa na miaka saba alishamjua baba yake kwa soli za viatu vilivyosimama juu ya ngazi. Alipomaliza shule akasema anataka kusomea umeme, na Mzee Fyuzi akajifanya kukasirika siku nzima, kumbe usiku alikaa barazani anatabasamu peke yake. Sasa alikuwa amemaliza masomo na mafunzo ya kazini, na baada ya siku kumi angepewa leseni mbele ya watu.

Jumapili moja alimtembelea baba yake, akamkuta na swichi iliyovunjika chumbani kwake. Akazima umeme, akaifungua. Akachungulia ndani. Akachungulia tena, na Mzee Fyuzi, ambaye alikuwa akimjua mwanawe, akaanza kukasirika kabla hajaambiwa kitu.

"Baba, taa za nyumba hii hazina waya wa tatu."

"Zina wa nini? Holda zote ni za plastiki."

"Za kwako ni za plastiki. Nimepita dirishani namba nne, nimeona taa ya chuma imening'inia. Waya ukichubuka ndani ya ile taa, umeme unakaa kwenye chuma, unasubiri mtu. Hauna pa kupita, kwa hiyo fyuzi haikatiki. Kila kitu kinaonekana kizima."

"Unasubiri mtu? Umeme ni kibaka?"

"Baba."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kushika praizi! Ile taa nimeipima mara tatu, kwa mkono huu huu! Leo umesoma vitabu viwili unaniletea hadithi za umeme unaovizia watu?"

Binti hakubishana. Mshonaji alikuwa amekwenda kupeleka sare kwa wateja, na gari la binti la kurudi mjini lilikuwa la saa kumi. "Basi fanya moja tu," akasema. "Akirudi, mwambie asiiwashe ile taa mpaka nije niipime. Nimekuomba, baba. Ana mtoto mle ndani."

"Nitamwambia."

Alilisema kama mtu anavyomwambia muuza duka kwamba atapita kesho. Mshonaji alirudi saa kumi na mbili, akamsalimia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia marahaba, na hakuongeza neno. Alisema moyoni kwamba atakuwa anamtisha mama wa watu bure. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mdogo je, yeye huvunjika nini? Hawakutuambia.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne Mzee Fyuzi akachukua kitambaa chake kizuri cha kijivu, akabisha hodi namba nne. Alitaka suruali ya siku ya leseni. Hata kama amemfokea binti yake, hakuwa tayari kukaa kiti cha mbele na suruali yenye madoa ya rangi.

"Karibu mzee," alisema mshonaji. Alikuwa amemaliza kupiga deki, sakafu bado inang'aa maji. Mtoto wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kiherehere kwa kuwa hakuna kitu asichogusa, alikuwa nje anawafukuza kuku wa jirani. Mshonaji akawasha taa, akatoa tepu ya kupimia. "Vua viatu nipime urefu."

"Mimi na viatu hivi ni ndoa, mama."

"Basi achaneni dakika tano. Soli hiyo ni nene. Nikipima ukiwa umevaa, siku ya sherehe utaburuza suruali kama bwana harusi aliyeazima."

Mzee Fyuzi akacheka, maana akitaniwa vizuri alikuwa mtu laini. Akavua viatu, akavua na soksi zilizotoboka kwa aibu, akasimama peku juu ya sakafu mbichi. Mshonaji akapima kiuno, akapima paja, akapima kutoka kiunoni mpaka kifundoni. Mteja akaita uani. "Samahani mzee, narudi sasa hivi," akasema, akatoka.

Mzee Fyuzi akabaki peke yake. Akatazama huku, akatazama kule. Na fundi ni fundi tu: akaona kofia ya taa imekaa upande. Mkono ukaenda wenyewe kuinyoosha, na kwa mazoea ya miaka arobaini ukatangulia mgongo.

Lo! Hakusikia maumivu kwanza. Alisikia kishindo ndani ya kifua, kama mlango uliosukumwa na upepo, halafu akajikuta amekaa juu ya rundo la sare za shule, mkono umekufa ganzi mpaka begani, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Taa juu yake ilikuwa ikibembea taratibu, inawaka, inapendeza, nzima kabisa.

Jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa sauti ya binti yake ikisema ana mtoto mle ndani. La pili, na hili tuliseme ingawa ni la aibu, lilikuwa kwamba hakuna aliyemwona. Angeweza kuinuka. Angeweza kuzima swichi, akaikata ile taa, akasema balbu imeungua, nitakuletea nyingine nzuri zaidi. Angekwenda kwenye sherehe ya leseni akiwa na nyumba yake ya miaka thelathini na miwili, na kichwa chake juu. Alianza kuinuka.

"Babu, na wewe imekung'ata?"

Kiherehere alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Kaa hapo hapo!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Usiingie!"

"Mimi sing'atwi," mtoto akasema, bila hofu hata kidogo. Akaokota kipande cha kitambaa kwenye kizingiti, akakionyesha. "Nikitaka kuisogeza naikamata na hiki. Mama kanifundisha. Lakini kiwe kikavu. Kikiwa kibichi, inang'ata."

Mzee Fyuzi akamtazama mtoto, akatazama kile kitambaa. Miaka arobaini ya ufundi, na mtoto wa miaka minne alikuwa ametungiwa mbinu ya kuishi na kosa lake. Siku moja kitambaa kingekuwa kibichi. Siku moja tu. Machozi yakamjaa ghafla, na hakuwa mtu wa machozi. Hata msibani kwa mkewe walimsengenya kwa hilo.

Akatoka mbio peku, akampita mtoto, akampita mshonaji uani, mpaka kwenye kisanduku cha umeme, akashusha swichi kubwa. Redio tatu zikanyamaza kwa mpigo. Milango ikaanza kufunguka.

"Mzee, vipi, umeme?"

"Mzee, mimi napiga pasi huku!"

"Njooni hapa wote," akasema Mzee Fyuzi. "Njooni, nina neno."

Walikuja, na kitu cha kwanza walichokiona ni miguu yake mitupu, wakajua kuna msiba. Akapiga moyo konde. Akawaambia kwamba amepigwa na umeme kwenye taa ya namba nne. Kwamba taa za nyumba nzima hazina waya wa ardhini, kwamba hazikuwahi kuwa nao, na aliyezifunga ni yeye. Kwamba mama huyu alimwita mara tatu, akaja na viatu vya mpira, akapima upuuzi, akamwita mtu mwenye mawazo. Na kwamba binti yake alimwonya tangu Jumapili, akampa ujumbe wa kumfikishia mama huyu, naye hakuufikisha.

Hapo ndipo pakawa pagumu. Hayo mengine mshonaji aliyasikiliza ameinamisha kichwa. Hili la ujumbe lilimwinua.

"Tangu Jumapili?" akasema. "Jana mwanangu alipanda juu ya cherehani, mzee. Jana! Nilimkuta amesimama pale anatafuta kifungo, kichwa chake kiko hapa na taa iko hapa. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeambiwa."

"Nilikuita mara tatu!"

"Mara tatu, mama. Nimekukosea. Sina la kujitetea."

Hakuna mpangaji aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Mshonaji akambeba mtoto wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Mzee Fyuzi akasimama pale uani, hakulipuka, hakujieleza. Akatoa simu.

"Njoo na vifaa vyako," akamwambia binti yake.

"Baba, umepigwa?"

"Mimi mzima. Njoo. Nimezima kila kitu."

Binti alifika kabla ya saa tisa. Aliifungua taa ya chuma juu ya meza uani, watu wamemzunguka, akawaonyesha: pale shingoni, mnyororo ulikuwa umeuchubua waya kidogo kidogo, mpaka shaba ikatokeza, urefu wa punje ya mchele, ikiwa imeegemea chuma. Mzee Fyuzi alikuwa akisubiri neno moja, lile la "nilikwambia". Alikuwa amejiandaa nalo kama mtu anavyojiandaa na sindano. Binti hakulisema. Alisema tu, "Baba, nishikie hii," akampa bisibisi.

Jioni ile ile walipita chumba kwa chumba. Namba mbili walikuta vifuniko vya swichi vya chuma, vizuri, vya kung'aa, wakaving'oa. Namba sita kulikuwa na taa ya ukutani ya shaba, wakaing'oa. Kila mahali wakarudisha plastiki. Kwenye kisanduku binti akaongeza kifaa kinachokata umeme papo hapo ukianza kuvujia mahali pasipo pake, na akabandika karatasi ngumu yenye herufi kubwa: TAA ZA NYUMBA HII HAZINA WAYA WA ARDHINI. USIFUNGE TAA WALA SWICHI YA CHUMA. Alitaka kuibandika upande wa ndani wa mlango wa kisanduku, baba asione haya.

"Bandika na nje," akasema Mzee Fyuzi. "Wapangaji hawafungui kisanduku."

Mshonaji alifungua mlango wake giza likianza kuingia. Alikuwa bado amevimba uso. "Mimi nguo nyeusi sitaweza kushona na hiyo balbu yenu ya juu," akasema, akimwambia binti, si baba. "Nina sare thelathini."

"Dada, nitakuwekea mbili za plastiki kwa leo, moja kila upande," binti akajibu. "Na tukivuta waya wa tatu, nitaitengeneza taa yako mwenyewe, nairudisha pale pale. Kosa si la taa."

Wakaanza kuvuta wiki ile ile, waya mpya kutoka kwenye kisanduku mpaka kila taa, na mwingine kwa kila swichi. Binti juu ya dari, baba chini anasukuma. Mara mbili tatu baba alianza, "Lakini sisi zamani tulikuwa…" na sauti kutoka darini ikamjibu, "Wewe sukuma tu, mzee wangu," na wapangaji wakafa kwa kicheko. Siku ya sherehe walisimamisha kazi. Asubuhi yake mshonaji alibisha hodi kwa Mzee Fyuzi, mkononi ana suruali ya kijivu imepigwa pasi mpaka inakata.

"Nimekushonea kwa ajili ya yule binti," akasema. "Wewe bado nina hasira na wewe."

"Una haki, mama."

"Na usiniambie tena kwamba nina mawazo."

"Sitarudia mpaka naingia kaburini."

"Haya. Ivae nione."

Namba nne ndiyo ilikuwa ya mwisho kumalizika, maana dari yake ilikuwa ngumu. Binti aliirudisha taa ya chuma, akaipima kwa kifaa chake mara mbili, akampa mshonaji asome namba mwenyewe na kumweleza maana yake. Kiherehere akaruhusiwa kuigusa kwa kidole kimoja. Akagusa, akangoja, akaonekana kuvunjika moyo kidogo. Mshonaji alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, halafu akawafukuza wote akisema ana kazi.

Mzee Fyuzi alipaswa kulala vizuri usiku ule. Hakulala. Alikuwa akihesabu nyumba. Mtaa wa nyuma, nyumba ya mwalimu mkuu. Kule kwenye mteremko, zile tatu zinazofuatana. Ya mama mwenye mashine ya kusaga. Kila nyumba aliyoifunga kwa nyaya mbili ilikuwa kichwani mwake, na ndani ya kila moja kulikuwa na wapangaji asiowajua, na taa asizozijua. Asubuhi akamwambia binti yake idadi: arobaini na moja.

Alidhani atashtuka. Binti alikunywa chai yake, akasema, "Tukifanya moja kila Jumamosi tutamaliza mwakani. Tunaanza na ipi?"

Walianza na ya mama mwenye mashine ya kusaga. Alikuwa bibi sasa, mashine imeuzwa, vyumba vyote vimepangishwa. Alifungua mlango, akamtazama mzee, akamtazama binti na mkoba wake wa vifaa, uso ukamkunjuka.

"Fundi! Jamani, fundi wangu!" akasema. "Umepotea! Taa zako zinawaka mpaka leo, hata moja haijanisumbua. Unakumbuka ulivyoniambia siku ile? Ulisema nyumba hii haitahitaji fundi mwingine mpaka nife."

"Nakumbuka, dada," akasema Mzee Fyuzi. "Ndiyo maana nimekuja. Sitaki iwe kweli."